Mahiwa 1917: Vita Kuu Ilipopita Bonde la Lukuledi

Anayesafiri kutoka Mtwara kwenda Masasi kwa njia ya Mingoyo hulipita bonde la mto Lukuledi bila kushuka garini. Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda: majina hayo anayasoma kwenye vibao vya barabarani, anaona mikorosho, anaona watoto wakiuza maembe, na safari inaendelea. Lakini kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, kandokando ya njia hiyohiyo, mahali paitwapo Mahiwa karibu na misheni ya Nyangao, majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalipigana kwa siku nne mapigano ambayo hayakuzidiwa na mengine kwa umwagaji damu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Afrika Mashariki. Mwingereza aliingia na watu wapatao 5,000. Alipohesabu waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, walikuwa kama 2,700, zaidi ya nusu. Mjerumani alikuwa na watu 1,500 hivi, na takriban 500 kati yao waliuawa au kujeruhiwa.

Vitabu vyetu vya shule huitaja Tanga ya Novemba 1914, huitaja meli ya Königsberg iliyozamishwa katika delta ya Rufiji, kisha hurukia mkataba wa Versailles. Kusini hurukwa. Naona hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa vita hiyo iliamuliwa huku kusini, na waliolipa gharama yake ni watu wa huku: Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao hakuna aliyewauliza kama wanaitaka.

Chanzo chake kwa upande wetu wa pwani ni cha nyuma kidogo. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mto Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao. Miaka minane baadaye, mwaka 1894, Wajerumani walivuka kusini ya mdomo wa mto na kujitwalia Kionga, kipande kidogo cha pwani chenye umbo la pembetatu, wakidai kwamba kule baharini mpaka haukufuata mto. Wareno walinung'unika lakini hawakuwa na la kufanya. Mvuvi wa Msimbati au wa Kionga aliyekuwa akivusha ndugu zake kwa mtumbwi siku zote hakuona mpaka wowote majini, ila alianza kuona askari.

Mwaka mmoja baadaye, 1895, boma la Kijerumani lilikuwa limesimama Mikindani. Mwaka 1905 ukaja moto wa Majimaji. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa, na serikali ya Kijerumani ikajibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula ili njaa imalize kilichoachwa na bunduki. Makadirio ya wanahistoria juu ya waliokufa kusini, wengi wao kwa njaa hiyo, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Lazima tulikumbuke hili tunapofika 1917. Bonde ambalo majenerali waliliingia kwa ramani zao lilikuwa limetoka kuzika watu wake miaka kumi tu kabla. Mtoto aliyenusurika njaa ya Majimaji akiwa na miaka minane alikuwa kijana wa ishirini, mwenye mabega ya kubeba mzigo.

Vita ilipoanza Ulaya mwaka 1914, kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua kwamba hawezi kuishinda Uingereza huku Afrika. Alichotaka ni kuwavuta Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo ili wasiende kupigana Ufaransa. Kwa hesabu hiyo nchi yote ilikuwa chambo. Aliweza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akila alichokikuta, akimwachia adui ardhi tupu.

Pwani yetu ilimsaidia. Machi 1916 meli ya Marie ilipenya vizuizi vya manowari za Kiingereza na kuingia ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, ikiwa na mizinga, risasi na dawa. Waingereza walipoigundua na kuja kuipiga mwezi wa Aprili, shehena ilikuwa imekwisha kushushwa, na baadaye meli yenyewe ikaponyoka. Shehena hiyo haikuondoka Sudi kwa gari wala kwa reli, maana reli haikuwepo. Ilivunjwavunjwa kuwa mizigo ya kichwani, na maelfu ya wapagazi wakaibeba kwa miguu kuelekea kaskazini, mzinga kipande kwa kipande. Risasi zilizofyatuliwa dhidi ya jeshi la Kiingereza chini ya Jenerali Smuts mwaka huo zilipita kwanza juu ya vichwa vya watu wa kusini.

Machi hiyohiyo Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno. Aprili Wareno wakaichukua tena Kionga bila taabu. Mei walijaribu kuvuka Ruvuma karibu na mdomo wake wakarudishwa na bunduki za rashasha. Septemba walivuka kwa nguvu kubwa zaidi chini ya Jenerali Ferreira Gil, na Oktoba wakaingia Newala.

Newala inahitaji maelezo kwa asiyeifahamu. Mji upo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na kutoka ukingoni huko bonde la Ruvuma huonekana chini kana kwamba unatazama bahari ya misitu. Hewa ni nzuri, ardhi inazaa muhogo. Ila maji hakuna. Mchanga wa uwanda hunywa mvua yote, na kwa vizazi wanawake wa Kimakonde wameshuka magenge na kupanda tena na mitungi kichwani, safari iliyoanza alfajiri. Mwenyeji yeyote angemweleza jenerali wa Kireno kwamba ngome ya Newala ni imara kwa anayeshika chemchemi ya bondeni, na ni jela kwa asiyeishika.

Wajerumani walilijua hilo. Novemba 1916 kikosi chini ya Max Looff, yule nahodha wa Königsberg aliyepoteza meli yake Rufiji, kiliwapiga Wareno bondeni, kikawanyang'anya maji, kisha kikaizingira ngome. Baada ya siku chache za kiu na mizinga, usiku wa tarehe 28 Novemba, Wareno waliitoroka Newala na kushuka Ruvuma, wakiacha mizinga, bunduki za rashasha na risasi. Mjerumani aliyekuwa akifilisika kwa zana alipata ghala jipya kwa zawadi ya adui.

Wakati huo Waingereza walikwisha kushuka pwani. Septemba 1916 manowari zao ziliteremsha askari Mikindani, Sudi na Lindi. Kutoka Lindi walitaka kupanda bonde la Lukuledi hadi Masasi, na kutoka Kilwa kikosi kingine kishuke kusini ili Lettow abanwe katikati. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mwepesi. Ardhini ulichukua zaidi ya mwaka.

Aliyewakabili Lindi alikuwa Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1914 kumtembelea mwanawe na vita vikamkuta huko. Akiwa na miaka 62, mzee huyu aliongoza kurudi nyuma kwa ustadi ambao Waingereza wenyewe waliukubali: anachimba mahandaki kwenye kilima, anasubiri washambulie, anawaumiza, kisha usiku anahama hadi kilima kinachofuata. Agosti 1917 walipigana Narunyu. Septemba wakasonga Mtama. Oktoba mapema walikuwa karibu na Nyangao.

Hapo ndipo njia inapokuwa jambo lenyewe. Barabara ya kutoka pwani ilifuata Lukuledi kwenda Masasi, na Masasi ilikuwa njia panda: kutoka hapo unakwenda Tunduru, unakwenda Nachingwea, unapanda Newala na kushuka Ruvuma. Kutoka kaskazini nako, Ruponda na Ruangwa, njia zilishuka kuja bondeni sehemu za Mahiwa. Aliyeshika eneo hilo angemkata Wahle asifike Masasi. Jenerali Beves, Mwafrika Kusini aliyekuwa akiongoza kikosi cha Lindi, angemsukuma Wahle kutoka mbele, na Brigedi ya Nigeria ishuke kutoka Ruponda imtokee nyuma. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Waingereza waliona wamepata mtego.

Lettow aliona mtego huohuo na akaufanya wake. Tarehe 15 Wanigeria walifika Mahiwa. Tarehe 16 Lettow mwenyewe alitokea kwa mwendo wa haraka akiwa na kombania kadhaa na mizinga miwili, na wale waliokuja kuzingira wakazingirwa. Maji yao yalikwisha. Pori lilikuwa zito, mwisho wa kiangazi, majani makavu, na watu waliuana wakiwa umbali wa hatua chache bila kuonana vizuri. Askari wa Hausa kutoka Kano na Sokoto, walioletwa kwa meli kutoka upande wa pili wa bara, walikufa Mahiwa wakipigana na askari wa Kinyamwezi na wa Kisukuma waliovaa sare ya Kaiser.

Beves, akisikia kwamba Wanigeria wamekwama, alifanya alilolizoea: alishambulia moja kwa moja. Lettow aliandika baadaye kwamba alimjua Beves tangu mapigano ya Kilimanjaro na alitegemea afanye hivyo hasa, kwa hiyo akaongeza askari pale pigo litakapotua. Tarehe 17 na 18 vikosi vya King's African Rifles, Wahindi na Waingereza vilirudia kupanda kwenye mahandaki ya Wahle. KAR hao walikuwa na Wayao wengi wa Nyasaland, na upande wa pili wa handaki kulikuwa na watu waliozungumza Kiyao pia. Sijui namna ya kulisema hili bila uchungu: ndugu wa ukoo mmoja, waliotenganishwa na mstari wa mpaka uliochorwa Ulaya, walipigana juu ya ardhi ambayo si ya Mwingereza wala ya Mjerumani.

Jioni ya tarehe 18 Waingereza waliacha kushambulia. Uwanja ulibaki kwa Mjerumani, na Lettow akapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Lakini ushindi huo ulimmaliza. Askari 500 kwake walikuwa theluthi ya watu aliopigana nao, na hakuwa na pa kupata wengine. Risasi alizotumia zilikuwa sehemu kubwa ya zile zilizobaki, na bunduki nyingi alizokuwa nazo zilikuwa za mwaka 1871, za baruti inayotoa moshi na kumwonyesha mpigaji alipo. Mwingereza angeweza kuleta watu wengine 2,700 kwa meli. Lettow aliondoka Mahiwa akiwa mshindi asiyeweza kushinda tena.

Hapa tuwatazame waliobeba. Kuna sababu ya Mahiwa kutokuwa na vifaru wala hata magari ya deraya ya maana. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na maksai kwa wiki. Magari yalizama kwenye matope masika na kuvunjika mifupa ya chuma kiangazi. Kilichobaki ni kichwa cha mtu na mzigo wa kilo ishirini na kitu. Waingereza waliwaandikisha, kwa hiari kidogo na kwa nguvu zaidi, wapagazi na vibarua wapatao milioni moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Rekodi zao wenyewe zinakubali vifo vinavyokaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kwa upande wa Mjerumani hesabu haikuwekwa kwa uangalifu hata huo. Mpagazi alikula posho isiyotosha, mara nyingi unga wa mahindi usiosagwa vizuri na kuni hakuna, na tumbo likamwua kabla ya risasi. Kwa kila askari aliyefyatua bunduki Mahiwa kulikuwa na watu kadhaa nyuma yake njiani kutoka Lindi, wakienda na kurudi, na majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe.

Na kijiji kilichokuwa kandokando ya njia kililishwa na nani? Hakikulishwa. Jeshi linalorudi nyuma lilichukua mtama na muhogo lisimwachie adui, na jeshi linalosonga mbele lilichukua kilichobaki. Wanaume walikuwa wamechukuliwa upagazi, msimu wa kulima ukapita, na njaa ikafuata. Mwaka 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia, ikakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Novemba 1917 Lettow alirudi nyuma kupitia Lukuledi hadi Chiwata, kwenye miteremko ya uwanda wa Makonde. Ndanda, ambako misheni ya Wabenediktini ilikuwa imegeuzwa hospitali, iliangukia mikononi mwa Waingereza ikiwa na wagonjwa na majeruhi wa Kijerumani. Mahali paitwapo Nambindinga, tarehe 17, Lettow alichagua wenye afya na kuwaacha wengine wote wachukuliwe mateka: aliendelea na Wazungu wapatao 300, askari kama 1,700 na wapagazi 3,000 hivi, pamoja na wake wa askari na watoto waliofuata nyuma. Akapita Newala. Maji yalikuwa yaleyale, hayatoshi.

Siku hizohizo, tarehe 20 Novemba 1917, huko Cambrai, Ufaransa, Waingereza walipeleka vifaru zaidi ya 400 kwa pamoja, jambo ambalo dunia ilikuwa haijaliona. Vita moja, mwezi mmoja: kule chuma kinatambaa juu ya seng'enge, huku mtu aliyefunga nguo kiunoni anapanda genge la Newala na sanduku la risasi kichwani. Wanaoandika historia ya vita hupenda kuyahesabu ya Cambrai. Ukitaka kujua vita hiyo ilikuwa nini kwa dunia yote, yasome yote mawili kwa pamoja.

Kuna kisa cha siku hizo kinachostahili kusimuliwa Mtwara kwa kila mtoto. Tarehe 21 Novemba ndege kubwa ya puto la Kijerumani, L59, iliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, ikibeba tani zipatazo 15 za risasi na dawa kwa ajili ya Lettow. Ilikusudiwa itue uwanda wa Makonde na isirudi tena: hata kitambaa chake kingegeuzwa mahema na nguo. Ilivuka Mediterania na jangwa la Misri, ikafika Sudan, karibu na Khartoum, na hapo tarehe 23 ikapokea amri ya redio irudi, kwa sababu uwanda ulikuwa umepotea. Ilirudi Bulgaria tarehe 25 baada ya kuruka zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua. Siku hiyohiyo Lettow alivuka Ruvuma mahali unapoingia Lujenda, akaishambulia kambi ya Wareno ya Negomano, akamwua kamanda wao João Teixeira Pinto, na kuwavisha na kuwapa silaha askari wake kwa mali ya Ureno. Kikosi chake kingine chini ya Tafel, kilichotoka Mahenge kumtafuta, kilimkosa kwa mwendo mfupi tu, na tarehe 28 kikasalimu amri kwa njaa. Ardhi ya Tanganyika kusini ikawa ya Mwingereza. Lettow alizunguka Msumbiji, akarudi Tanganyika, na hatimaye akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Mezani huko Versailles mwaka 1919 Ureno ilipewa Kionga. Hadi leo Kionga ni Msumbiji, na mpaka wa Ruvuma unafuata mto hadi baharini kama mkataba wa 1886 ulivyotaka. Watu waliokufa kati ya Lindi na Newala hawakutajwa mezani.

Ruvuma haikupumzika. Kuanzia 1964 FRELIMO ilipigania uhuru kutoka upande wetu wa mto, na vijiji vya mpakani vikavumilia. Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kuna makaburi ya askari wa JWTZ waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, na taifa linawakumbuka kwa heshima wanayostahili. Na Watanzania walikuja kujua vita vya vifaru kwa macho yao wenyewe mbali na hapa: Machi 10 na 11, 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, huko Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mahali barabara inapopita katikati ya matope. Brigedi ya 201 ilirudishwa nyuma na makombora na vifaru vya majeshi ya Amin na Walibya, kisha Brigedi ya 208 ikazunguka, ikatokea upande wa barabara ya Kampala, na kuwavunja. Mbinu ya Lukaya ndiyo ileile iliyotafutwa Mahiwa na kushindikana: mmoja asukume mbele, mwingine ashike barabara nyuma. Tofauti ni kwamba waliopigana Lukaya walijua wanapigania nini, na walirudi nyumbani kushangiliwa.

Wa Mahiwa hawakushangiliwa na mtu. Katika miaka ya 1970 makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania yalihamishiwa Dar es Salaam, na ukienda huko utasoma mawe yamepangwa vizuri, yamefyekwa. Yanatunzwa kwa sababu kuna taasisi huko Uingereza yenye kazi hiyo. Wapagazi hawana taasisi. Wana sisi tu.

Kwa hiyo ninaziomba halmashauri za Mtama, Masasi, Newala na Mtwara, na walimu wa historia wa shule zilizo kando ya barabara hii, wafanye mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Wawapeleke wanafunzi Mahiwa na Nyangao, na wawafundishe vita hii wakiwa wamesimama juu ya ardhi ilipopiganwa. Wawape kazi ya nyumbani ya kumwuliza babu na bibi kama babu yao aliwahi kuchukuliwa "kubeba", alikwenda wapi, alirudi lini au hakurudi. Waliosimuliwa na wazazi wao sasa ni wazee sana, na wanaondoka kila mwaka. Nawe msomaji wa Mtwara, ikiwa katika ukoo wenu kuna jina la mtu aliyekwenda na mzigo mwaka 1917, liandike mwaka huu, na uandike na kijiji chake.